Je, nigawe darasa la uuguzi kwa mitindo ya kujifunza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi, huu ni mwaka wangu wa tatu darasani. Nina wanafunzi 64 wa mwaka wa kwanza. Mwanzoni mwa muhula niliwapa dodoso la mitindo ya kujifunza, majibu yakaonyesha 19 ni wa kuona, 11 wa kusikia, 9 wa kusoma na kuandika, na 25 wa kutenda. Mkuu wangu wa idara anataka niwagawe makundi manne, kila kundi lifundishwe kwa mtindo wake, na nimwandikie mpango kabla mwezi haujaisha. Nimejaribu wiki mbili. Nimechoka na sioni tofauti yoyote. Nakosea wapi? Nioanishe vipi njia za kufundishia na mitindo ya wanafunzi wangu?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole kwa kazi. Nianze na jibu lenyewe usije ukasoma yote haya ukiwa na roho juu: hujakosea katika utekelezaji. Kasoro imo kwenye wazo ulilopewa ulitekeleze. Mpaka leo hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mwanafunzi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda anajifunza zaidi kuliko akifundishwa kwa mtindo mwingine. Makundi yako manne yavunje. Nguvu unazozimaliza kuandaa somo moja mara nne zina kazi nyingine, tena kubwa, na ndiyo nitakayokaa nayo sehemu kubwa ya jibu hili.

Nasema hivi nikiwa nimepita njia hiyohiyo. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nagawa dodoso kama lako kila mwaka wa masomo ulipoanza, nikiamini nawatendea haki wanafunzi. Aliyenizindua ni binti mmoja wa mwaka wa pili. Alikuwa na mikono myepesi ajabu. Mshipa uliowashinda wenzake wawili yeye aliupata mara moja, kanula, ule mrija mwembamba wa kuingiza mshipani, ikaingia bila mgonjwa kukunja uso. Tulipotoka kando ya kitanda nikamuuliza kwa nini potasiamu kloraidi ambayo haijachanganywa haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa. Akanitazama kwa utulivu kabisa, akasema, "Mwalimu, mimi ni wa kutenda. Mambo ya kusoma siyo mtindo wangu." Maneno hayo alikuwa ameyapata kwangu, kwenye karatasi ya matokeo niliyomkabidhi mwaka mmoja nyuma. Potasiamu ya namna hiyo inaweza kusimamisha moyo, na mtu aliyeshika bomba la sindano lazima alijue hilo, apende kusoma asipende. Sikulala vizuri usiku ule.

Ili tuelewane, tutenganishe mambo mawili ambayo huwa yanachanganywa. La kwanza ni upendeleo. Huo upo, sikatai: yuko anayependa michoro, yuko anayependa kusimuliwa, na mtu akikujibu dodoso hakudanganyi. La pili ni dai kwamba ukimfundisha mtu kwa njia anayoipenda atajifunza zaidi. Dai hili la pili ndilo lililobeba makundi yako manne, na ndilo lisilosimama.

Kwa makundi uliyoyataja, dodoso lako linaelekea kuwa VARK (kifupi cha Kiingereza cha makundi hayo manne) au limetokana nayo. VARK ilitoka New Zealand, Neil Fleming na Colleen Mills wakaichapisha mwaka 1992, na wenyewe waliitoa kama kichocheo cha kumfanya mtu atafakari anavyosoma. Kuitumia kupangia watu madarasa ni hatua nyingine kabisa. Nayo haiko peke yake. Iko mifumo iliyojengwa juu ya kazi ya David Kolb, ambaye kitabu chake cha kujifunza kwa uzoefu kilitoka mwaka 1984, iko ya wengine wengi. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake nchini Uingereza waliihesabu mifumo 71, wakaichambua 13 kwa kina, na kukuta mingi haifikii hata vigezo vya msingi vya kipimo kizuri. Hebu fikiria tungekuwa na aina 71 za mashine za shinikizo la damu, kila moja inapima kitu chake na kukipa jina lake. Usingeruhusu hata moja iingie wodini kabla hujajua ipi inasema kweli.

Sasa, ushahidi unaohitajika ni upi? Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walilieleza hili vizuri kiasi kwamba nakuomba ulielewe kabla hujakutana na mkuu wako. Wapime wanafunzi kwa dodoso. Kisha wagawe kwa kura, usifuate mitindo yao: nusu ya wa kuona wafundishwe kwa picha, nusu nyingine kwa maneno, wa kusikia nao vivyo hivyo. Mwishoni wote wafanye mtihani mmoja. Dai litakuwa limethibitika ikiwa wa kuona watafanya vizuri zaidi kwa picha na, katika jaribio hilohilo, wa kusikia watafanya vizuri zaidi kwa maneno. Kama pande zote mbili zimefanya vizuri zaidi kwa picha, ulichogundua ni kwamba somo lile linahitaji picha, basi. Walipopekua maandiko yaliyokuwapo, tafiti zilizofuata utaratibu huu zilikuwa chache mno, na kadhaa kati ya hizo zilikwenda kinyume kabisa na dai. Ndiyo maana wiki zako mbili hazingeweza kukuambia kitu hata kama alama zingepanda: kila kundi ulilipa mtindo wake, hukubakiza wa kulinganisha nao.

Katika fani yetu wenyewe, Polly Husmann na Valerie O'Loughlin wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha mwaka 2018 utafiti wa zaidi ya wanafunzi 400 wa anatomia waliojaza VARK. Asilimia 67 hawakuwa wakisoma kwa namna inayolingana na majibu yao wenyewe. Wale waliolingana hawakupata alama za juu kuliko wengine. Lakini baadhi ya mbinu za kusomea, kama kutumia hadubini ya kwenye kompyuta, ziliendana na alama nzuri bila kujali dodoso lilimwita mtu nani. Nilipousoma nilijiambia: ni kweli, anayetaka kuzijua tishu atazijua kwa kuzitazama tena na tena.

Mkuu wako, lakini, usimwone mtu wa ajabu. Mwaka 2020 Philip Newton na Atharva Salvi walijumlisha tafiti zilizowauliza walimu wa nchi mbalimbali wanaamini nini, na karibu 89% waliamini kuoanisha somo na mtindo. Imani hii inashika kwa sababu inatoka mahali pazuri: mwalimu anatamani kila mwanafunzi aonekane. Vilevile inashika kwa sababu njia tunayoipenda hutupa wepesi, na wepesi tunauchukua kuwa ndiyo kujifunza. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari, kisha baadhi wakakisoma tena, wengine wakaandika walichokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka walikuwa na 56%, waliorudia kusoma 42%. Yaani aliyejisikia vizuri siku ile ndiye aliyepoteza zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anapokuambia "njia hii ndiyo inayonielea", msikilize, ila usiichukue kauli hiyo kama matokeo ya mtihani.

Sasa tuje kwenye kuoanisha. Kuoanisha ni jambo la maana sana. Umeelekezwa tu kitu kisicho sahihi cha kuoanisha nacho. Oanisha njia na kitu unachofundisha, halafu na kiwango alichofikia mwanafunzi katika kitu hicho.

Chukua somo la sauti za mapafu. Niambie, wale 19 wa kuona utawaonyesha nini badala ya sauti? Mikwaruzo ya mapafu yenye maji inasikika, haisomeki. Mimi somo hili huwa nalianza kwa stetoskopu zenyewe, maana kila mwaka wapo wanaozivaa kinyume: vipande vya masikioni vinatakiwa vielekee mbele, upande wa pua, ndivyo vinavyofuata tundu la sikio. Wakishavaa sawasawa wanasikilizana wao kwa wao, mapafu mazima kwanza, mgongoni, juu kushuka chini, kulia na kushoto kwa zamu, dakika kumi nzima bila mimi kusema neno. Kisha nawaambia kila mmoja ashike nywele chache karibu na sikio lake azisugue taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ule mchakacho mdogo wanaousikia ndio unaofanana na mikwaruzo myembamba watakayoikuta kwa wagonjwa. Darasa hunyamaza kabisa hapo. (Mwenye nywele fupi mno huazima za jirani.) Baada ya hapo ndipo nachora ubaoni vijia vidogo vya hewa vilivyokuwa vimejifunga vikifunguka kwa ghafla mtu anapovuta pumzi, ili sauti ipate sababu. Kisha sauti zilizorekodiwa, moja moja. Mwisho, wodini, kifua cha mtu. Katika saa mbili hizo wamesikia, wameona, wamegusa, wameandika, wote 64, kwa kuwa somo lenyewe ndivyo lilivyotaka.

Kila somo lina madai yake namna hiyo. Tumbo la uzazi baada ya mama kujifungua linajulikana kwa kiganja: likiwa limekaza ni gumu kama mpira, likiwa limelegea ni laini, na ulegevu huo ni hatari ya kutoka damu nyingi. Hakuna maelezo yatakayouelimisha mkono usiowahi kugusa tofauti hiyo, hata kama ni kwa kifaa cha mazoezi kwanza. Mtandao wa mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi unadai kuchorwa, na mwanafunzi auchore mwenyewe kwa kalamu, asiishie kuutazama. Kumweleza mgonjwa habari mbaya kunadai igizo, mtu wa kukaa upande wa pili wa meza, na mwalimu atakayesema baadaye "pale uliposhika simu, yeye aliacha kuongea". Kanuni za dozi zinadai penseli.

Kwa stadi za mikono, hatua nne za Rodney Peyton, za mwaka 1998, bado sijaona za kuzizidi kwa urahisi wake. Unatenda kwa kasi ya kawaida bila kusema. Unatenda tena polepole ukieleza kila hatua. Unatenda mara ya tatu, safari hii mwanafunzi ndiye anayekuelekeza, nawe unafanya anachokuambia tu. Kisha yeye anatenda huku akieleza. Wakufunzi wengi huiruka ya tatu kwa kubanwa na muda, na naomba sana usiiruke. Hapo ndipo mwanafunzi anakwambia "ingiza kanula" kabla hajakwambia "safisha ngozi uache ikauke", na wewe unasimamisha mkono hewani, unamngoja. Kosa hilo linajitokeza kwenye mkono wa plastiki, ambapo halimdhuru mtu.

Upande wa pili ni kiwango, na hapa, mwalimu, ndipo tofauti za wanafunzi zinapokuwa na uzito ambao dodoso lako lilikuwa linautafuta. Tangu kazi za John Sweller wa Australia miaka ya 1980 tunajua kwamba akili inayokutana na jambo jipya ina nafasi finyu ya kulishika. Mgeni ukimtupia tatizo zima anatumia nafasi yote kutapatapa, habakiwi na ya kujifunzia. Anachohitaji ni mfano uliokwisha kufanywa, hatua kwa hatua.

Nikuonyeshe kwa dripu. Mfano wa kwanza unaufanya wote mbele yao: mgonjwa apewe mililita 1,000 kwa saa 8, mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita. Saa 8 ni dakika 480. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Gawanya kwa 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Mfano wa pili, mililita 500 kwa saa 6, matone 15 kwa mililita: unaandika dakika 360, unaandika matone 7,500, mstari wa mwisho unauacha wazi waujaze wao. Ni 20.8, kwa hiyo 21. Mfano wa tatu unaacha mistari miwili. Wa nne unaacha yote, na unaongeza swali ambalo halimo kwenye kanuni: ukitazama chemba ya matone kwa sekunde 15, utarajie kuhesabu mangapi? Hapo ndipo hesabu inapokutana na kitanda.

Ila kwa aliyekwisha kuiva, mifano iliyofanywa inageuka mzigo. Slava Kalyuga na wenzake waliliandikia hili mwaka 2003: msaada uleule unaomwinua mgeni unamrudisha nyuma mzoefu. Kwa hiyo ukitaka kugawa makundi, gawa kwa hili. Wape wote 64 maswali matano ya dripu siku ya kwanza, dakika kumi. Utakuta pengine wachache wameshafanya kazi kwenye kituo cha afya na wanayajibu wakiwa wamesimama, wengine hawajui kugeuza saa kuwa dakika. Makundi hayo mawili hayastahili karatasi moja. Na makundi hayo yawe ya somo hilo tu, kwa wiki hiyo tu. Anayeongoza kwenye dripu anaweza kuwa wa mwisho kwenye sauti za moyo. Jina la kudumu asipewe mtu.

Kwa sababu hiyohiyo nakutahadharisha na kukimbilia kufundisha kwa visa vya wagonjwa tangu wiki ya kwanza. Njia hiyo, iliyoshika mizizi kwenye shule ya udaktari ya McMaster nchini Kanada kuanzia mwaka 1969, naipenda na naitumia. Lakini mwaka wa kwanza kisa kiwe kifupi, na mwalimu awe karibu.

Liko la tatu, ambalo halitegemei mtindo wala kiwango, ni la kila mtu: namna ya kufanya kilichojifunzwa kikae. Mwaka 2009 Douglas Larsen, Andrew Butler na Roediger walichukua madaktari waliokuwa mafunzoni katika magonjwa ya watoto na huduma za dharura, wakawafundisha mada mbili za magonjwa ya mfumo wa fahamu. Mada moja mtu alipimwa mara kwa mara, nyingine alipewa muhtasari wa kusoma mara hizohizo. Zaidi ya miezi 6 baadaye, kwenye mada waliyopimwa walipata wastani wa 39%, kwenye waliyosoma 26%. Utaona alama zenyewe zote ni ndogo. Watu hao ni madaktari kamili, na bado miezi 6 iliwanyang'anya kiasi hicho. Mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza naye ananyang'anywa hivyohivyo kama hakuna anayemrudisha nyuma kuulizwa.

Mafunzo ya mikono nayo ni hivyohivyo. Toronto, mwaka 2006, Carol-anne Moulton na wenzake waligawa madaktari 38 wa mafunzo ya upasuaji katika kushona mishipa midogo ya damu: baadhi walifanya vipindi vyote vinne siku moja, wengine kipindi kimoja kila wiki kwa wiki nne. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, waliotawanya vipindi walifanya vizuri zaidi. Muda wa mazoezi ulikuwa mmoja, mpangilio tu ndio uliotofautiana. Kama ratiba yako ina "siku ya kanula", ivunje iwe saa moja moja katika wiki kadhaa. Haikugharimu vifaa vya ziada.

Na kuchanganya. Rose Hatala, Lee Brooks na Geoffrey Norman walifundisha wanafunzi wa udaktari kusoma mchoro wa umeme wa moyo. Kundi moja lilifanya mazoezi ya ugonjwa mmoja likamaliza ndipo likaenda mwingine. La pili lilichanganyiwa. Kwenye michoro mipya waliochanganyiwa walipatia karibu nusu, wenzao hawakufika theluthi. Sababu iko wazi ukiitafakari: ukijua ukurasa wote ni wa ugonjwa fulani, huna haja ya kujiuliza huu ni upi, na wodini swali la kwanza ni hilohilo. Sauti za mapafu zichanganye namna hiyo ukishamaliza kuzitambulisha. Wanafunzi watalalamika kwamba ni ngumu. Ni ngumu kweli. Wavumilie, nao wakuvumilie.

Nisije nikaeleweka kwamba wanafunzi wote ni sawa. Ziko tofauti zinazodai hatua yako, na nyingi hazimo kwenye dodoso lolote la mitindo. Yupo asiyesikia vizuri, anayehitaji stetoskopu ya kielektroniki inayokuza sauti. Yupo asiyetofautisha baadhi ya rangi, na siku ya kusoma kijiti cha kupimia mkojo anamchungulia mwenzake kwa aibu. Huyo akijulikana mapema anafundishwa kumwita mtu wa pili athibitishe, au kutumia mashine ya kusomea. Yupo anayekielewa kila kitu lakini lugha ya kufundishia inamlemea. Yupo anayetetemeka mikono kwa sababu ya mkufunzi aliyemfokea mbele ya wagonjwa. Nimewahi kumfundisha mmoja wa namna hiyo, na dawa yake ilikuwa asubuhi tatu za kufanya mazoezi peke yake na mimi, mlango umefungwa. Hawa ndio wa kuwapangia tofauti, na utawajua kwa kuwauliza na kuwatazama.

Sasa mkuu wako. Usiende kumwambia kwamba wazo lake limekufa. Nenda na mpango. Anataka wanafunzi wapewe wanachohitaji, na hilo mnakubaliana. Karatasi yako iwe na jedwali moja: stadi au maarifa, njia inayodaiwa na jambo hilo, kipimo cha kuanzia cha kuonyesha nani anaanzia wapi, na tarehe tatu za kulirudia baada ya kulifundisha. Safu ya mwisho iwe namna ya kutahini. Hapo kumbuka ngazi alizozipanga George Miller mwaka 1990: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Kama lengo ni kuonyesha namna ya kuweka kanula, mtihani wa kuchagua jibu hautoshi, weka kituo cha vitendo chenye orodha ya hatua. Mwombe akupe muhula mmoja, na umwahidi alama za maswali ya marudio kila mwisho wa mwezi. Akiuliza mitindo imekwenda wapi, mweleze lile jaribio la kura na mtihani mmoja. Nimeona watu wazima wakilielewa kwa dakika tano, mezani, kwa kuchorewa visanduku vinne.

Zile karatasi za matokeo ya dodoso usiziingize kwenye mafaili yao. Warudishie, na uwaambie wazi kwamba zilieleza wanachokipenda wakati ule, na kwamba hakuna hata mmoja aliyesamehewa kusoma, kusikiliza, kuchora wala kushika. Waambie wale 25 kwa namna ya pekee, maana hao ndio walio karibu zaidi kuacha vitabu. Unaweza kuwauliza kila mmoja aandike mbinu mbili anazotumia kusoma. Ukikuta "napaka rangi maandishi" na "narudia kusoma" zimejaa, na utazikuta, una pa kuanzia.

Kipindi chako kijacho anza na maswali manne kabla hujafungua daftari lako: mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la mwanzo kabisa wa muhula. Vitabu vifungwe, kila mtu aandike kimya, dakika sita. Kisha wajisahihishe wenyewe, na alama usizikusanye mara hizi za kwanza, ili wasiogope kuacha nafasi wazi mahali wasipojua. Wewe pita kati ya madawati utazame nafasi hizo zimekaa wapi. La mwanzo wa muhula ndilo litakalokuwa na nafasi nyingi zaidi, na ndilo la kulifundisha tena siku hiyohiyo, kabla ya somo jipya.